Blaise Pascal na hela za hija yetu



Leo sileti mtakatifu. Blaise Pascal hajatangazwa mtakatifu wala mwenye heri, na kwenye kalenda yetu ya liturujia hamtamkuta. Ni Mkatoliki mlei wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1662 akiwa na miaka 39. Waliosoma hesabu kidato cha tano na sita wanamjua kwa ile pembetatu ya namba. Mimi pia nilimjua hivyo tu, kama jina la kwenye daftari, mpaka nilipokula hela za kikundi.

Nianzie hapo, maana bila ile aibu nisingemsoma huyu mtu.

Kwetu ni Upareni, wilaya ya Same, kule juu kwenye tangawizi. Upande wetu Wakatoliki si wengi, majirani wengi ni Walutheri na Wasabato, kwa hiyo kikundi cha vijana cha kigango chetu ni kidogo na kila mtu anajua mambo ya mwenzake. Nilipomaliza kidato cha sita nilichaguliwa mweka hazina kwa sababu moja tu: eti najua hesabu. Tulikuwa tunachanga kwenda hija Bagamoyo, pale Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao mwaka 1868. Michango ilikuwa inakaa kwenye simu yangu. Na kwenye simu hiyo hiyo kulikuwa na jakpoti ya mechi 13.

Kila mechi ina majibu matatu: mwenyeji ashinde, sare, au mgeni ashinde. Nikachukua daftari. Sikujiuliza mechi ipi itatoa nini. Nilijiuliza tu: kati ya mechi 13, wenyeji watakuwa wangapi, sare ngapi, wageni wangapi? Yaani niliziona mechi zote ni sawa, kama punje za mahindi. Ukipanga punje 13 mezani na vijiti 2 vya kuzigawa mafungu matatu, una nafasi 15, na unachagua 2 za kuweka vijiti. 15 mara 14, gawa kwa 2, unapata 105. Hizo ndizo aina zote.

Halafu nikaweka mipaka. Kwa wiki nilizokuwa nafuatilia, sare hazikuzidi 4 na wageni hawakuzidi 5. Basi nikatoa aina zenye sare 5 au zaidi: unaziweka sare 5 pembeni kwanza, zinabaki punje 8, na kwa vijiti vile vile 2 unapata aina 45. Nikatoa zenye wageni 6 au zaidi: zinabaki punje 7, aina 36. Lakini kuna zilizovunja mipaka yote miwili, nazo nimezitoa mara mbili, kwa hiyo lazima zirudishwe mara moja: punje 2 zilizobaki, aina 6. 105 toa 45, toa 36, ongeza 6. Jibu 30. Nikahakiki kwa njia fupi: sare kuanzia 0 hadi 4 ni machaguo 5, wageni kuanzia 0 hadi 5 ni machaguo 6, na wenyeji wanabeba kinachobaki. 5 mara 6 ni 30.

Hesabu ilikuwa sahihi. Hata leo ni sahihi. Nikaangalia ile 30 nikaona mlima umekuwa kichuguu. Nikajaza mikeka 30, kila aina mkeka mmoja, shilingi 1,000 kila mmoja. Ikachanika yote. Wiki iliyofuata nikarudia, maana kuacha wakati nimekaribia niliona ni ujinga. Wiki sita. 180,000.

Sitaeleza sana jinsi nilivyosema. Kwanza kitubio, halafu siku nyingine, nje ya kitubio, nilimfuata Baba Paroko kama mlezi wetu kumwambia kikundi hakina hela. Hakufoka. Aliomba kuona daftari. Alilisoma polepole, akakubali kwamba 30 ni kweli 30, kisha akanipa kazi: nikasome maisha ya Pascal, nirudi nimwonyeshe mahali ambapo 30 yangu ilinidanganya. Na kabla ya hapo, nikawaambie wenzangu. Hilo la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza.

Basi huyu ndiye niliyemkuta.

Alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 huko Clermont, mji ulio chini ya milima. Mama yake alifariki Blaise akiwa na miaka 3. Baba, Étienne, afisa wa serikali, hakuoa tena. Alihamia Paris na watoto watatu, Gilberte, Blaise na Jacqueline, akawafundisha mwenyewe nyumbani. Alitaka kijana aanze na Kilatini na Kigiriki, kwa hiyo alifungia vitabu vya hesabu. Matokeo yake mnaweza kuyakisia. Akiwa na miaka 12 alikutwa sakafuni anachora kwa mkaa maumbo aliyoyapa majina yake mwenyewe, ameshafika karibu na ukweli kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa ni sawa na pembe mraba mbili. Baba akasalimu amri. Akaanza kumpeleka kwenye mikutano ya wanahesabu kwa Padre Mersenne, mtawa wa shirika la Waminimi, ambaye naye alikuwa akihesabu nyimbo ngapi zinaweza kutungwa kwa noti kadhaa, zikiwemo zinazojirudia. Hesabu za namna hii zimepita mikononi mwa watu wa Kanisa kuliko tunavyodhani.

Huko Rouen, baba akiwa kwenye kazi ya kodi, akikesha na majedwali ya kujumlisha, Blaise alianza kumtengenezea mashine ya hesabu yenye magurudumu ya meno. Alikuwa na miaka 19 hivi. Alijaribu maumbo yapata 50 kabla ya kuridhika. Na dada yake Gilberte anasema kuanzia miaka 18 hakupata hata siku moja isiyo na maumivu. Tumbo, kichwa, miguu. Ukisoma mambo aliyofanya, ukumbuke kwamba yote aliyafanya akiwa mgonjwa.

Mwaka 1646 baba aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Waliomtibu walikuwa ndugu wawili waganga wa mifupa, watu wa sala sana, waliokaa pale nyumbani wiki nyingi. Kupitia kwao familia nzima ilianza kuishi imani kwa ukali zaidi. Jacqueline akataka utawa.

Hapa kwetu milimani kuna kisa chake kimoja ambacho kila mtu ataelewa bila kufundishwa. Gari likitoka Same, likapita Kisiwani na kuanza kupanda, masikio yanaziba, na kile kipakiti cha krispi ulichonunua stendi kinavimba kama mto. Pascal alitaka kuthibitisha kwamba hewa ina uzito na kwamba juu mlimani uzito huo unapungua. Yeye alikuwa Paris, mgonjwa. Shemeji yake Florin Périer, mume wa Gilberte, ndiye aliyepanda mlima Puy de Dôme tarehe 19 Septemba 1648 na bomba la kioo lenye zebaki. Mlima wenyewe una mita 1,465. Shengena yetu ina 2,462, lakini tusijisifu. Bomba jingine liliachwa chini kwenye bustani ya watawa, mtawa mmoja akilitazama siku nzima. La chini halikusogea. La juu lilishuka zaidi ya sentimita 8.

Baba alifariki 1651. Sasa hapa msinitegemee kumpamba. Jacqueline alikuwa anasubiri ruhusa ya kuingia monasteri ya Port-Royal, na kaka yake, ambaye ndiye aliyemvuta kwenye sala, akapinga. Hakutaka kubaki peke yake. Alipoingia kwa nguvu mwanzoni mwa 1652, wakagombana juu ya fungu lake la urithi alilotaka kulipeleka monasterini. Baadaye Blaise alikubali, lakini ule ugomvi wa hela na mdogo wake, mtawa mtarajiwa, ulikuwapo. Nilipousoma nilipumua kidogo. Nilikuwa naogopa nimepewa maisha ya malaika.

Miaka iliyofuata aliishi na marafiki wa mjini, wengine wacheza kamari. Mmoja alimletea maswali ya dadu na ya kugawana dau. Mwaka 1654 Blaise akaanza kuandikiana na Pierre de Fermat, hakimu wa Toulouse aliyekuwa mwanahesabu mkubwa. Swali lao lilikuwa hili. Watu wawili wameweka dau sawa, tuseme shilingi 32,000 kila mmoja. Anayefikisha ushindi 3 anachukua zote 64,000. Mchezo unakatizwa wa kwanza akiwa na 2 na wa pili ana 1. Wagawane vipi?

Angalieni, hilo si swali la namna ya kushinda. Ni swali la haki: kila mtu apate kinachomstahili. Pascal alilijibu kwa utulivu wa ajabu. Wakicheza mara moja zaidi na wa pili akashinda, watakuwa sawa, kila mtu achukue 32,000 zake. Wa kwanza akishinda, anachukua zote. Kwa hiyo wa kwanza ana uhakika wa 32,000 hata akishindwa. Zile 32,000 nyingine ni nusu kwa nusu. Achukue 48,000, mwenzake 16,000.

Fermat alifika hapo hapo kwa kuhesabu. Zimebaki raundi mbili tu kwa zaidi, zenye njia nne: wa kwanza ashinde zote, ashinde kisha ashindwe, ashindwe kisha ashinde, ashindwe zote. Njia tatu kati ya nne ni zake. Lakini mwanahesabu wa Paris, Roberval, alipinga: kama wa kwanza akishinda raundi inayofuata mchezo umekwisha, kwa nini mhesabu raundi ambayo haitachezwa? Ukimsikiliza, utasema basi mchezo una miisho mitatu tu, miwili ya wa kwanza na mmoja wa pili, agawiwe theluthi mbili. Inaonekana sawa kabisa. Tatizo ni kwamba ile miisho mitatu haina uzito mmoja. Ule wa kushinda mara moja umebeba njia mbili ndani yake.

Nilisoma hapo usiku, nikisubiri zamu yetu ya maji ya ndiva, na nikaiona 30 yangu.

Nilichukua aina moja kati ya zile 30: wenyeji 6, sare 4, wageni 3. Nikaacha kuziona mechi ni punje. Mechi ya kwanza ni ya kwanza, ya pili ni ya pili. Wale wenyeji 6 wanaweza kuwa mechi zipi? Sare 4 zipi? Nikapiga hesabu: njia 60,060. Aina moja tu! Na mimi nilikuwa nimejaza mkeka mmoja kwa niaba ya zote 60,060. Mikeka yote inayowezekana kwa mechi 13 ni 3 mara 3 hivyo mara 13, yaani 1,594,323. Ile mipaka niliyojivunia haikupunguza mlima. Ilinipa orodha ya majina 30 ya mabonde yake.

Kuhesabu vitu vinavyofanana, kwa mipaka, si kosa. Mama yangu anapofunga tangawizi za mteja anayetaka mafungu kadhaa, makubwa yasizidi idadi fulani, hesabu ni ile ile na ni halali: fungu ni fungu, hakuna anayeuliza tangawizi ipi ilitangulia. Kosa ni kuchukua idadi ya aina ukaifanya idadi ya bahati. Karne ya 10 Askofu Wibold wa Cambrai alitungia mapadre wake mchezo wa dadu tatu ili waache kamari: kila matokeo yalipewa fadhila moja. Dadu tatu zikirushwa bila kujali ipi ni ipi, zina aina 56, basi fadhila 56. Ukikataza namba kutokea mara tatu, zinabaki 50. Ukikataza namba kujirudia kabisa, 20. Safi. Ila mchezaji hapati fadhila zote kwa urahisi sawa: moja-moja-moja ina njia 1 tu, moja-moja-mbili ina njia 3, moja-mbili-tatu ina njia 6. Jumla ya njia ni 216. Askofu alikuwa anagawa fadhila, hakuwa anagawa dau, kwa hiyo hakuna aliyeliwa.

Namba zangu zote zilikuwa kwenye pembetatu ya Pascal. Kila namba pale ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Mstari unaoanza 1, 15 unafuatiwa na 105. Unaoanza 1, 10 una 45. Unaoanza 1, 9 una 36. Unaoanza 1, 4 una 6. Wachina na Waajemi waliijua pembetatu hiyo zamani kabla yake, ila yeye ndiye aliyekaa mwaka ule wa 1654 akaandika kitabu kizima cha kuonyesha inavyofungamana na kuhesabu machaguo, na na kugawana dau kwa haki. Kilitolewa 1665, ameshakufa.

Na mwaka ule ule, usiku wa tarehe 23 Novemba, kuanzia kama saa nne na nusu mpaka baada ya saa sita, kuna jambo lilimpata chumbani. Hakumsimulia mtu. Aliandika kwenye kipande cha karatasi, akakinakili, akashonea ndani ya kitambaa cha koti. Kila alipobadili koti alifumua na kushona upya mwenyewe. Kwa miaka minane hakuna aliyejua. Mtumishi alikigundua siku chache baada ya mazishi. Kimejaa moto, furaha na machozi, na Mungu wa Ibrahimu, na hakuna hesabu hata moja.

Baada ya usiku ule hakuwa mtu laini. Mwaka 1656 na 1657 aliandika barua 18 kwa jina la bandia kuwashambulia Wayesuiti kwa kuwatetea rafiki zake wa Port-Royal, na barua hizo ziliwekwa kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa na Kanisa. Hilo lipo na tusilifiche. Nalifurahia zaidi kwa sababu tarehe 19 Juni 2023, Pascal akitimiza miaka 400 tangu kuzaliwa, Baba Mtakatifu Fransisko, Myesuiti mwenyewe, ndiye aliyeandika barua ya kitume kumpa heshima.

Wengine mtauliza lile dau lake maarufu kuhusu kumwamini Mungu. Lipo kwenye karatasi alizoacha bila kuzimaliza, zilizochapishwa 1670. Sitaligusa leo. Mtu aliyetoka kubeti hela za hija hana budi kukaa mbali nalo kwa muda.

Mwisho wake ndio ninaourudia. Machi 1662 yeye na wenzake walianzisha Paris magari ya farasi ya abiria yenye njia maalumu na nauli moja ya sous 5, yanayoondoka hata kama hayajajaa. Yaani daladala, tena yenye nidhamu kuliko zetu! Alitaka achukue fungu lake mapema apeleke kwa maskini wa Blois waliokuwa na njaa. Alikuwa ameuza vitu vyake vingi. Nyumbani kwake alikuwa amekaribisha familia maskini, na mtoto wao akapata ndui. Kumhamisha mtoto kungekuwa hatari, kwa hiyo Pascal mwenyewe, mgonjwa hivyo, akahama, akaenda kwa Gilberte. Aliomba apelekwe hospitali ya wasiopona afie kati ya maskini, madaktari wakakataa. Akaomba basi aletwe mgonjwa maskini nyumbani atunzwe sawasawa na yeye. Hata hilo halikuwezekana. Alipata Komunyo na Mpako wa Wagonjwa, akafariki tarehe 19 Agosti 1662. Amezikwa kanisa la Saint-Étienne-du-Mont, Paris.

Mimi nililipa kwa misimu miwili ya kubeba tangawizi za watu mpaka barabarani, na mama alijua kwa nini. Hija ilisogea mwaka mzima. Dada mmoja wa kikundi aliolewa katikati ya hapo, akahamia mbali. Hela yake nilimrudishia kwa simu. Bagamoyo hajafika mpaka leo.

Agosti iliyopita nilikwenda kuandikisha nia ya Misa ya tarehe 19. Katekista akafungua daftari, akaandika marehemu Blaise, akauliza ni wa jumuiya gani. Nikamwambia ni wa mbali, hakuwa na jumuiya kwetu. Akauliza ni ndugu yangu? Nikamwambia aandike tu.